Taarifa ya Kijiji, Nakala Tatu

Wilayani wameleta fomu, kurasa nne,
kila kisanduku upana wa kiberiti.
Wanaitaka Kyareni yote kabla ya Ijumaa.

Mipaka. Nimeandika: juu, msitu.
Chini, lami iendayo Moshi mjini.
Mashariki, korongo.
Magharibi kalamu imesita.
Magharibi ni masale tisa aliyopanda babu Ndekirwa,
na usiku mmoja wa masika yakahama hatua tatu
bila kuonekana alama ya mguu.
Wanawe wawili hawajasalimiana tangu mvua za El Nino.
Mdogo wao ni baba yangu.

Historia, kwa ufupi.
Kwa ufupi: maji yalitangulia.
Waliuchimba mfongo kwa majembe ya mti
kutoka chemchemi ndani ya msitu,
wakiyabembeleza maji yafuate ubavu wa kilima
kama umbembelezavyo ng'ombe mgeni aingie zizini.
Kisha Mjerumani, na kodi.
Kisha kahawa, na kahawa ikawa bati la kwanza,
ikawa shule, ikawa zahanati,
ikamsomesha mjomba Elinami hadi Budapest,
akarudi na koti zito
ambalo hata Julai yetu haikulistahili.
Ghala la chama cha msingi bado limesimama.
Mshale wa mizani umekwama kwenye arobaini na mbili
na hakuna gunia juu yake.
Kilo za nani hizo, sijui nimwandikie nani.

Idadi ya watu.
Mwezi gani, waheshimiwa?
Machi tu mia sita na ushee,
wengi wetu magoti yanalia tukipanda.
Desemba, tarehe ishirini na tatu,
magari yanapanga foleni matopeni hadi kibanda cha Manka,
wajukuu wa Dar es Salaam wanauliza nywila,
mbuzi wanapungua,
tunafika elfu mbili.
Na waliolala migombani chini ya marumaru?
Hao ndio wasiohama.
Fomu haina safu yao.

Shughuli za kila siku.
Zamu ya maji ya mama Aikande ni saa tisa usiku.
Hutoka na jembe begani, simu mdomoni ikimulika,
anang'oa jiwe na tope penye kizibo,
halafu anazima taa, anasikiliza.
Maji yakifika kwenye shina la mgomba hubadili sauti,
kama mtu aliyeingia chumba chenye mgonjwa.
Akisharidhika anaziba, anakata majani ya ng'ombe,
anakamua, anaupika mtori wa mzee wake asiye na meno,
na kama ni Alhamisi anashuka sokoni
mkungu mmoja kichwani
na mwingine ameshaulia deni.
Nimeandika: kilimo.

Vivutio.
Mlima, nafikiri. Ila wageni hupitia lango jingine.
Hapa huonekana alfajiri, kabla mawingu hayajafunga duka,
na anayeutazama sana
ama ana mgeni ama ana msiba.

Changamoto, taja tatu.
Mfongo umekonda.
Bomba limekuja na dira yake, na bili yake,
na halijui zamu ya mtu.
Palipong'olewa kahawa pameota parachichi;
wanunuzi hupima tunda kwa pete ya chuma,
lililopungua linaachwa chini, tunalisha nguruwe.
Ya tatu wanaijua. Ni huu ufupi wa visanduku.

Sahihi na muhuri.
Kidau kimekauka. Nimekilowesha kwa tone la maji ya mfongo
na jina la kijiji limetoka rangi ya zambarau hafifu,
nusu ya mwisho haisomeki.

Magharibi nimeacha wazi.
Nakala ya tatu, ile ibakiayo nyumbani,
nimeibania jani moja la isale,
bichi, lenye umande,
nikaiweka mezani penye chai yake.

Baba ameliona.
Hajaniuliza kitu.
Anatafuta kofia.