Siku ya Macho Tu

Manati nimeiacha nyumbani, juu ya kabati la vyombo.
Leo ni siku ya macho tu.
Baiskeli, daftari la mwanangu lililobaki kurasa nane,
kalamu ya risasi, na viazi vitamu viwili vya kuchemsha
ndani ya mfuko wa shati, vikinichoma kifua.

Kutoka Serere hadi Kasilo nimesimama mara sita.
Mtama wa Echodu: mrefu, mwekundu, haujakatwa.
Hapana. Tetere ana miguu mifupi,
hatui asipoiona ardhi.
Wanaosema ndege hufuata nafaka wamesema nusu;
hufuata nafaka iliyomwagika,
punje ambayo mwenyewe ameisamehe.

Alizeti ya shule: vichwa vimeinama kama wanafunzi waliochelewa.
Pugi kumi na wawili, nyama yao haijazi kiganja.
Naandika kumi na wawili. Nafuta. Kumi na wanne.
Mlinzi ananiuliza kama serikali imenituma kupima ardhi.
Namwambia napima ndege.
Anacheka, lakini macho yake yananisindikiza hadi kona.

Marehemu Iculet, aliyenifundisha kazi hii,
alikuwa akisema usimtafute ndege, tafuta njia yake:
asubuhi anakula, mchana anasinzia, jioni anakunywa,
na katikati ya kula na kunywa
kuna mti mkavu anapopangia mambo yake.
Ukiupata huo mti, kaa na jua mgongoni, usikohoe.
Mwaka wake wa mwisho alikohoa mno.
Tulikula maboga mwaka ule.

Saa kumi na moja, nyuma ya kisima cha pampu kilichovunjika mpini,
nikaona nilichokuwa nikikitafuta tangu mvua za kwanza:
ulezi umeshakatwa,
uwanja wa kupuria umesiribwa samadi ya ng'ombe, makapi yanang'aa,
dimbwi lenye ukingo mtupu, changarawe,
na mvule uliopigwa radi,
mweupe, hauna jani, umejaa tetere
kana kwamba umechanua kijivu.
Nilihesabu hadi sitini na mmoja nikaacha,
mkono ukitetemeka kama wa mwizi.

Amuge alikuwa hapo akipepeta.
Hakuinua uso.
"Hapa hapana."
Nikamwambia manati haina mlio.
"Kwani nimesema mlio?"
Ungo ukapanda, ukashuka, upepo ukachukua chake.

"Mwaka ule tuliolala porini," akasema,
"huo mti ndio uliokuwa redio yetu.
Tetere wakilia, tulitoka kuchimba mihogo.
Wakiruka wote kwa mpigo, na angani hakuna kipanga,
tulizima moto, nikamziba mtoto mdomo kwa titi.
Hadi leo wakiruka ghafla
mkono wangu unamtafuta mtoto.
Naye ana ndevu sasa, yuko Mbale anauza simu."

Sikuwa na neno. Nikampa kiazi kimoja.
Alikimenya, akaniuliza bei ya chumvi Serere.

Usiku, kwa taa ya simu, nikafungua daftari.
Chini kabisa nimeandika: maji, changarawe, mti.
Wapi, sikuandika.
Mwanangu anausoma mwandiko wangu vizuri,
na juzi amepata mpira mpya wa tyubu.

Jumamosi nikarudi kwa Echodu; walikuwa wamekata upande mmoja.
Tetere wanne, kwa mawe ishirini na saba.
Wawili nikampelekea Amuge,
njia nzima nikiogopa atanirudishia.
Akawapima uzito mkononi,
akapuliza manyoya ya kifua kutazama mafuta.
"Hawa wa mtama," akasema. "Wangu wamenona kuwashinda."
Akateleka maji.