Mshono wa Pili

Daktari Barrientos alisema: wiki sita.
Nikazitilia duara kwenye kalenda ya bucha,
kila Jumatatu, kwa kalamu nyekundu.

Siku ya tisa goti likatoa harufu.
Siyo kali. Kama maji ya maua
yaliyosahauliwa kaburini.

Tukarudi, upepo wa Punta Arenas
ukilisukuma gari kama mdai,
naye Tuco nyuma, kola ya plastiki shingoni,
akigonga kioo kila kona: to, to.
Bamba la chuma walilomtia, wakalitoa.
Nilitia sahihi tena. Mkono uleule.

Osvaldo hasemi kitu kuhusu pesa.
Ameuza msumeno wake wa mota;
mwaka huu, anasema, tutanunua kuni zilizopasuliwa.

Usiku nalala sakafuni jikoni,
kiganja juu ya mbavu za mbwa,
nahesabu: pumzi, pumzi, kidonge cha saa nane, pumzi.
Mara nyingine namwomba radhi.
Anadhani namwita kula.

Wahenga walisema dawa ya moto ni moto.
Kuhusu kisu
hawakuniachia neno.

Leo asubuhi, uani, kwenye theluji nyembamba,
aliunyanyua mguu mzima ili akojoe,
akasimama juu ya ule mbovu,
sekunde moja, labda mbili,
kisha akaanguka,
akanitazama
kana kwamba mimi ndiye niliyeteleza.