Herufi A

Ya kwanza kufutika ilikuwa A.
Si ajabu: zabibu, haraka, hapana, malipo,
karibu kila neno lilipita kwake.
Q na X zimebaki nyeupe hadi leo
kama viatu vya Krismasi vya mtoto aliyekua ghafla.

Baba aliinunua mwaka ule wa bajeti ndefu
kwa karani mgeni aliyefika na Bunge
akaishiwa nauli.
Laki mbili, na debe la zabibu juu.
Mama hakusema naye mpaka Jumapili.

Simu ya mabosi, walisema watu wa Hombolo,
vitufe vimejipanga kama punje za mahindi,
ala ya ngozi kiunoni,
na Ndahani, vidole gumba vimekomaa
kwa mkasi wa kupogolea,
anajifunza kuandika upya na miaka yake hamsini,
herufi kwa herufi, ulimi nje.

Mtandao haukushuka bondeni.
Alipanda kichuguu nyuma ya shamba,
akainua mkono kama anayeapa,
barua pepe ikaondoka kwenda kiwandani:
TANI MBILI. LETENI LORI KABLA YA JUA.

Usiku taa yake nyekundu ilipepesa dirishani,
nasi watoto tukaiita fisi.
Fisi kaona nini, baba?
Kaona hela, alisema. Au kaona deni.

Presha ya macho ilimzimia taa moja, kisha ya pili.
Nikamleta kwangu Nkuhungu,
nikamnunulia simu ya kioo, inayosema saa kwa sauti.
Akaipapasa kama mtu anayetafuta mlango ukutani.
"Hii haina pa kushika neno,"
akailaza mezani, kifudifudi.

Ile ya zamani betri ilivimba, tukaitupa.
Fundi wa Majengo aliicheka,
kisha akaigeuza mkononi, akanyamaza.
Ni ganda tu.
Lakini jioni umeme ukikatika
namsikia kibarazani: tk. Tk-tk. Tk.

Nimejifunza kusikiliza.
A ina mlio wake, butu, hatua kwenye vumbi.
Kitufe kirefu cha chini ni pumzi.
Jana nilisogeza kigoda, nikafuata vidole:
c, h, a, l, u, r,
akasita,
akafuta.
Simu imekufa miaka saba, naye anasahihisha makosa!
Chalula, zabibu zinaoza. Lori liko wapi?

Chalula hana lori siku hizi.
Na shamba lina bikoni nne
na jina la mtu ambaye hatujawahi kumwona.
Nilikuwa nalo hilo mdomoni, tayari kabisa.
Nikamuuliza kama ameshatuma.

"Bado," akasema,
mkono ukipanda taratibu gizani.
"Hapa chini haishiki."