Siku ya Kengele ya Mwisho

Leo nimefuta ubao kwa kiganja.
Dasta ilipotea Novemba,
tukaamua, kama tulivyoamua mengi mwaka huu,
kwamba hatuihitaji.

Septemba tulikuwa na paa zima
na mwalimu wa hisabati.
Oktoba mwalimu akapanda basi la Tbilisi,
yeye, sanduku lake na paka wake,
akasema anakwenda kung'oa jino.
Jino hilo mpaka leo halijang'oka.

Bwana Ushangi, mkuu wetu, akanitazama mimi,
mimi wa historia, mimi wa wafalme na tarehe,
akaniwekea kile kitabu kinene mezani
kama mtu anayekuachia mtoto wake mlangoni
akiapa anarudi sasa hivi.
Lisilo budi hutendwa.
Usiku nikawa nasoma
nilichopaswa kukijua asubuhi,
mama mkwe akikoroma nyuma ya ukuta,
mimi na logi tukikodoleana macho.

Januari theluji ikashuka siku tisa bila kupumua.
Paa likaanguka usiku, kwa kishindo kimoja tu,
kama mzee aliyejibwaga kitini.
Huku Svaneti barabara ikifungwa imefungwa:
siku thelathini na nane,
hata barua ya wizara ya kutupa pole
ilifika theluji imeyeyuka.

Tukahamia nyuma ya tanuri la mikate la Tsiuri.
Unga kwenye madaftari, unga kwenye nyusi.
Kila mtoto na gogo la kuni kwapani,
hiyo ndiyo ada.
Bekhan alikuja na mawili,
akayatupa jikoni haraka haraka
asije mtu akahesabu.
Mimi nilihesabu.
Kwao Ivlita kuni zilibaki za kumpashia bibi moto tu.

Machi nikakosea.
Nilijaza ubao mzima, nikapigia jibu mistari miwili
kwa majivuno.
Guranda akanyoosha mkono:
"Mwalimu, ile alama ya kutoa ya mstari wa tatu
imekwenda wapi?"
Kimya. Mkate unanukia.
Ulimi ulikuwa tayari kumwambia akae chini.
Sijui nani alinifundisha kumeza mate kwanza,
ila popote alipo, namshukuru.
Nikampa chaki.

Aprili baba yake Bekhan akateleza
akipigilia mabati, juu ya paa letu,
si la mtu mwingine, letu.
Nyonga ikavunjika.
Kijana akaenda kwa ng'ombe na viazi,
mimi nikapanda kilima kila Alhamisi na maswali,
nikashuka na majibu
yameandikwa nyuma ya mfuko wa pumba.

Mwaka wenyewe siushukuru, msinilazimishe.

Leo wamevaa mashati meupe
wanaandikiana migongoni kwa kalamu za rangi:
nikumbuke, usinisahau, deni langu lari tano.
Ua zima linacheka.
Akaingia Bekhan kwa lango la nyuma,
shati la baba yake, mikono imekunjwa mara tatu,
anavuta harufu ya zizi pamoja naye.
Akanigeuzia mgongo bila salamu,
"Andika, Mwalimu."

Kwa wengine nilikuwa nimeandika
ruka juu, kila la heri, Mungu akutangulie.
Kalamu ikanigomea.
Mwisho nikaandika, herufi ndogo, karibu na kola:
asante kwa kuni.

Guranda akamsomea kwa sauti.
Masikio yake yakawa mekundu.
"Moja lilikuwa la Ivlita," akasema,
akaondoka mbio, ng'ombe hawajakamuliwa.

Sasa wamekwenda wote.
Bati la mwisho halijapigiliwa,
mwanga unapenya pale na kuangukia dawati lake.
Nimefagia. Nyuma ya jiko nimeikuta dasta,
nusu imeungua.
Nimeipangusa vumbi
nikairudisha palepale.