Arobaini ya Saa

Niliinunua Lindi, kwa fundi Nandonde,
pale kibarazani anapofunika kikombe cha plastiki
juu ya matumbo ya saa, vumbi lisiingie.
Laki tatu na nusu. Malipo ya korosho
yalikuwa bado yana joto kwenye simu.
Mume wangu aliuliza kama inaongea.
Nikamwambia: sogeza sikio.

Haina betri. Haidai ufunguo.
Ndani yake kuna nusu mwezi wa chuma
unaozunguka kila unapopunga mkono,
unapokuna kichwa, unapofukuza kuku;
na mimi, karani wa mizani ghalani Mtama,
napandisha mkono na kuushusha tangu asubuhi:
gunia, kalamu, gunia, muhuri, gunia.
Jioni imeshiba. Imekula kazi yangu.

Tunaokusanya saa tuko watatu mkoa mzima,
mmoja ni daktari wa meno Nachingwea.
Tukikutana tunaulizana kama wakwe:
uso ni wa asili? Haujapakwa rangi upya?
Uso wa hii ulikuwa mweupe. Sasa ni chai ya maziwa
iliyosahauliwa mezani hadi ikashika utando,
na namba tatu imepoteza mkia.
Nandonde alitaka kuusugua bure, kwa heshima.
Nilimdaka mkono kama mtoto mwenye kiberiti.

Uswisi na Uswazi, herufi mbili tu.
Huko waliiunda watu wa koti jeupe, theluji dirishani,
wakaweka kumi na mbili juu, kwa ajili ya adhuhuri yao.
Sisi tukaipokea bila kubishana:
mshale uko kwenye tisa, tunasema saa tatu,
hakuna anayeisahihisha, na yenyewe haioni haya.
Inachelewa dakika nne kwa siku.
Kila usiku naitia majira
kama ninavyotia chumvi, kwa kuonja.

Mgongoni imechorwa: S. M. KIKWETU 1964.
Kikwetu naijua, mkonge mtupu.
S. M. nilimuulizia kwa kila mwenye mvi
aliyepanga foleni mbele yangu.
Novemba akaja mwanamke na gunia moja,
akatazama mkono wangu badala ya mizani.
(Na hapa kwetu watu hutazama mizani, wallahi.)
"Hiyo ya baba. Salumu Mnyambe.
Ndiye aliyekuwa akipiga kengele ya zamu."

Nikaanza kuivua. Akanizuia kwa kidole.
Kaka yake aliiuza, akala, yamekwisha.
Alikuwa na jambo moja tu la kusema
wakati risiti yake inaandikwa.

Baba alikata roho Alhamisi, saa kumi alfajiri.
Wakamwosha, wakamzika kabla ya alasiri,
saa wakaiweka juu ya kabati, kwenye kitambaa.
Ijumaa asubuhi watu wako msibani, inatembea.
Ijumaa jioni inatembea,
kwa nguvu za mkono ulio udongoni:
shuka alilovuta, kikombe cha uji alichokataa,
nzi aliyemfukuza Jumatano,
vyote ilikuwa bado inavihesabu.
Hakuna aliyethubutu kuigusa.
Ukiigusa unaiongezea, na hiyo isingekuwa yake tena.
Saa mbili usiku ikasimama.

"Watu hungoja arobaini ya siku," alisema.
"Yeye alikuwa na yake, ya saa.
Tuliikaa wawili, mimi na kabati."

Akachukua risiti, akaikunja mara nne.
"Uso wake usiusafishe."
Nikasema siusafishi.
Sikumwambia kwamba uchafu huo ni nusu ya bei;
nilijisikia mwizi, kidogo,
nikaandika kilo zake sitini na mbili kwa mwandiko mzuri.

Daktari wa meno amepandisha dau mara mbili.
Sijamjibu. Mkono una kazi.