Kidole Kisichosomeka

Mashine imekataa mara ya nne.
Bi Somoe Nachihangu anafuta kidole kwenye khanga,
anakirudisha kiooni, anakikandamiza kama stempu,
anasubiri.
Taa nyekundu.
"Jaribu cha kati, mama," anasema mwandikishaji, kijana wa Masasi,
na cha kati nacho ni laini kama mgongo wa kijiko.

Miaka ishirini na sita ya kubangua korosho.
Mafuta ya ganda hayaulizi wewe nani,
yanababua ngozi, yanakula mstari baada ya mstari,
mpaka kiganjani hamna cha kusomwa
ila makovu,
na kusoma makovu mashine haijafundishwa.

Mimi ndiye niliyemleta.
Wiki nzima nakaa mlangoni pa darasa la tatu B,
hapa Kitangari, vumbi jekundu mpaka kwenye chai,
na daftari langu la kuchora kwa rula:
amejiandikisha, amehama, amekataa.
Safu ya amekataa imevuka ukurasa.

Siwalaumu.
Asumini aliniuliza, "Ile ya mwaka ule ilikwenda wapi?"
Nikasema sijui.
Akacheka, akanifungia ming'oko ya kula njiani,
akarudi kupepeta.
Chilumba wa mashine ya kusaga hakuzima injini;
nilimsoma midomo tu:
Mpaka Bakiri arudi.

Bakiri alisimama kwenye mkutano wa ushirika
akauliza makato ya kila kilo yanaishia wapi.
Swali moja. Akakaa, akafunga kamba ya kiatu.
Jumatano ile usiku gari likasimama, taa zimezimwa.
Tangu hapo mkewe halali na komeo mlangoni.
Bakiri ni mdogo wangu.
Chilumba anajua. Ndiyo maana hakuzima injini.

Wanasema mwenye nguvu mpishe.
Nimempisha. Nimesogea pembeni,
na huku pembeni ndiko foleni ilikopanga.

Jana kaja Issa Nampoto katoka kupulizia mikorosho,
njano tupu, salfa mpaka kwenye kope.
Kamera haikumwona mtu, iliona unga.
"Kanawe," kijana akasema,
kana kwamba Newala maji yanaokotwa.
Ndoo mia tano. Nikatoa mia mbili,
aliyekuwa nyuma yake akatoa hamsini,
ikapita kofia, ikajaa ndoo.
Nimeona mikutano mikubwa, na spika, na pilau;
sijaona watu wakichangia maji
ili uso wa mwenzao uonekane.

Sasa kijana anapiga simu wilayani.
Anaitikia ndiyo, ndiyo, anakata.
"Kipo kitufe," anasema. "Naandika hana alama za vidole."
Bi Somoe anainua mikono yote miwili,
anaiweka mezani juu ya waya na karatasi zake.
"Ninazo. Usiandike sina.
Andika zimetumika."

Kijana anatafuta. Hakuna kisanduku cha neno hilo.
Anabonyeza kilichopo.
Kadi inatoka ina joto bado,
Bi Somoe anainusa, anaifunga pindoni
pamoja na hela ya chumvi,
haagi.

Jioni nimehesabu: kumi na wanne.
Jana kumi na tisa. Nisijidanganye, tunashuka.
Na wako wanaoniambia nyamaza, nyumba yenu imeshatoa mmoja,
na usiku, mbwa wakibweka mara mbili,
nami huwaza hivyohivyo.

Ukurasa wa mwisho wa daftari
nimeandika Bakiri.
Safu zangu tatu zimenishinda:
hakuhama, hakukataa.
Nimemwachia mstari mzima, sijachora rula chini yake.

Zimebaki siku mbili.
Kesho nitafika kwa Chilumba
kabla hajawasha injini.