Maji Yako Yako Njiani

Gazeti lilitupiga picha Jumanne,
ghorofani Bondeni, juu ya duka la vipuri.
Twalib kashika kompyuta iliyokwisha chaji
kwa kuwa mpiga picha alisema mwanga watosha
na sura ya kufikiri ndiyo itakayouza.
Wakaandika: *Vijana Waliomaliza Kiu ya Kisiwa.*
Kiu ya kisiwa!
Siku hiyo wateja wetu walikuwa kumi na mmoja,
na huyo wa kumi na moja ni mamangu.

Usiku tukabishana, kama kawaida yetu,
sahani ya viazi vya karai katikati,
ukwaju ukichuruzika kwenye kibodi ya Mwakio.
Yeye asema gazeti ni shabiki wa kandanda,
hushangilia bao kabla mpira haujaguswa.
Nyevu asema la, kosa si la gazeti,
kosa ni letu sisi tulionunua nakala ishirini.
Twalib hakutia neno.
Alikuwa akibadili rangi ya nembo ya kampuni,
mara ya nne mwezi ule.

Hatukuacha kitu bila kukibishania:
kama mwenye mtaji atakuja na hundi au na ushauri
(alikuja na ushauri, na mkoba wa ngozi);
kama mtu aweza kulala saa nne
na bado akaitwa mjenzi;
kama ujumbe unaomwendea mteja
useme *maji yako yako njiani*,
au tuitoe "yako" moja, isionekane kigugumizi.
Nusu saa nzima, yako na yako.
Nyevu akapiga meza: ya kwanza ni umiliki,
ya pili ni mahali, mtu ajue vyote viwili.
Zikabaki.

Kahindi, msukuma mkokoteni, hatukumuuliza.
Tulimpa simu. Akaifunga kwa karatasi ya nailoni,
akaificha kibandani isilowe,
nasi tukamwona kwenye ramani
amesimama saa tatu pale pale Makupa
kama aliyekufa.
Kumbe yuwatembea,
agonga milango aijuayo,
aandika madeni kwa mkaa ubavuni mwa dumu:
Mama Fumo mawili. Fundi Lali manne,
alipa mwisho wa mwezi.
Mfumo wetu haukuwa na mahali pa kuandika
"alipa mwisho wa mwezi".
Ulikuwa na mahali pa nyota tano.

Pesa ziliisha Machi, bila kelele,
vile bomba la Tononoka huisha:
kwanza povu, kisha pumzi,
kisha wewe na ndoo yako mwatazamana.
Mwakio kaenda benki, avaa tai,
asema amani ina mshahara.
Twalib yuko Nyali, kampuni ya mikopo,
ajenga kile kile alichokilaani mezani petu,
programu inayowapigia simu mashangazi wa wadaiwa.
Simlaumu.
Au namlaumu Jumapili tu, nikipata nafasi.

Gazeti halikurudi.
Mama amelikata lile la kwanza,
kaliweka chini ya kioo cha meza
ubavuni mwa ratiba ya futari ya mwaka juzi,
na kila mgeni aletewaye kahawa
hutua kikombe juu ya uso wangu.
"Huyu ndiye aliyemaliza kiu," Mama asema,
na bomba nyuma yake latoa upepo.

Leo alfajiri Kahindi kagonga.
Madumu sita. Akauliza huku amimina,
ile programu yenu yaendeleaje?
Nikasema yaendelea.
Akacheka, si kwa ubaya,
akatoa mkaa, akaandika jina la Mama
kwa herufi kubwa kuliko lilivyotoka gazetini.

Simu ya Mama iko juu ya kioo.
Ule ujumbe wetu wa mwisho hajaufuta,
oda ya mia tatu na kumi na mbili,
haikufika wala haikughairiwa.
*Maji yako yako njiani.*
Seva nimeilipia hadi Ijumaa.
Usiniulize.